Barua kwa Yeyote Atakayeiokota

*Kwa zaidi ya karne moja, wanasayansi, mabaharia na watu wa kawaida wametia maandishi ndani ya chupa na kuziachia bahari. Leo bahari imejaa chupa zisizo na neno ndani. Je, kuna haki ya kuongeza nyingine?*

Gari lilikuwa limezama mchangani. Ilikuwa Januari 2018, ufukweni Wedge Island, kaskazini mwa jiji la Perth, Australia Magharibi, na watu waliokuja kustarehe walijikuta wanahangaika na magurudumu. Mama mmoja miongoni mwao akajitenga, akawa anatembea kwenye vilima vya mchanga, na huko akaona chupa nene ya kizamani imelala katikati ya takataka. Haikuwa na kizibo. Akaiokota kwa sababu aliona itafaa kuwa pambo kwenye rafu ya vitabu.

Ndani mlikuwa na mchanga, na ndani ya mchanga mlikuwa na karatasi iliyoviringishwa mfano wa sigara na kufungwa kwa uzi. Ilikuwa mbichi kwa unyevu; kuikunjua pale pale kungeichana. Wakaenda nayo nyumbani, wakaitia kwenye oveni kwa dakika chache ikauke, ndipo wakaifungua. Maandishi ya chapa yalikuwa ya Kijerumani. Yale ya mkono yalikuwa yamefifia, lakini tarehe ilisomeka, 12 Juni 1886, na jina la meli likasomeka pia: Paula.

Wataalamu wa makumbusho ya Australia Magharibi waliwaandikia wenzao wa Ujerumani, na shajara ya hali ya hewa ya nahodha wa Paula ikapatikana kwenye hifadhi ya nyaraka. Meli hiyo ilikuwa safarini kutoka Cardiff, Wales, kwenda Makassar, mji ambao leo uko Indonesia. Katika ukurasa wa siku hiyo hiyo nahodha alikuwa ameandika kwamba chupa imetupwa baharini. Mahali palilingana. Mwandiko ulilingana. Miaka 131 ilikuwa imepita.

Karatasi yenyewe haikuwa na salamu wala siri ya mtu. Ilikuwa fomu. Ilimwomba atakayeiokota aandike siku na mahali alipoikuta, kisha airudishe kwenye kituo cha uchunguzi wa bahari cha Hamburg, Deutsche Seewarte, au aikabidhi kwa ubalozi mdogo wa Ujerumani ulio karibu naye.

Nimelifikiria sana ombi hilo. Aliyeliandika hakumjua atakayelisoma, hakujua lugha yake, hakuwa na njia ya kumlazimisha. Kazi yote ya kituo kile ilitegemea hisani ya mtu asiyejulikana, ufukweni asikojulikana, kukubali kujisumbua.

Kazi ya kupima mikondo

Watu wengi wakisikia habari za barua ndani ya chupa hufikiria mapenzi au meli iliyozama. Yapo hayo. Christopher Columbus, aliponaswa na dhoruba akirudi Ulaya mwaka 1493, aliandika habari za safari yake kwenye ngozi, akaifunga kwa kitambaa kilichopakwa nta, akaitia ndani ya pipa na kulitupa. Pipa hilo halikupatikana. Lakini chupa nyingi zilizotupwa kwa hesabu na mpango zilitupwa na watu waliotaka kujua jambo moja: maji yanakwenda wapi?

Georg von Neumayer, mwanasayansi wa Kijerumani, alianzisha mwaka 1864 mpango ambao chupa ya Paula ilikuwa sehemu yake. Hadi mwaka 1933 meli za Kijerumani zilikuwa zimetupa maelfu ya chupa katika bahari zote. Karatasi zilizorudi Hamburg ni 662. Kila moja ilitoa alama mbili kwenye ramani, pale chupa ilipotupwa na pale ilipookotwa, na kati ya alama hizo mbili mtu aliweza kukisia njia ya mkondo.

Mwanamfalme Albert wa Monaco naye, kuanzia mwaka 1885, aliachia Atlantiki vielea 1,675. Vingine vilikuwa chupa, vingine mapipa, vingine tufe za shaba. Vilivyoletewa majibu ni 227. Kwa vielea hivyo 227 alionyesha jinsi maji ya Atlantiki ya Kaskazini yanavyozunguka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza hesabu zake zilipata kazi ambayo hakuitarajia: mabomu ya majini yaliyokatika minyororo yalikuwa yanaelea ovyo, na ramani zake zilisaidia kukadiria yangeelekea wapi ili meli ziyakwepe.

George Parker Bidder wa Plymouth, Uingereza, alikuwa na swali jingine. Kati ya mwaka 1904 na 1906 aliachia chupa 1,020 katika Bahari ya Kaskazini, zikiwa zimepimwa uzito ili zielee karibu na sakafu ya bahari badala ya juu. Alitaka kujua mwendo wa maji ya chini, wanakoishi samaki. Waliomjibu walikuwa wavuvi wa nyavu za kukokota, aliowaahidi shilingi moja kwa kila chupa. Zaidi ya nusu ya chupa zake zilirudi, na zikamwonyesha kwamba maji ya chini katika bahari ile hutoka mashariki kwenda magharibi.

> Zaidi ya nusu ya chupa za Bidder zilirudishwa na wavuvi, kila mmoja kwa ahadi ya shilingi moja.

Shilingi hiyo haikufutwa na wakati. Aprili 2015 wastaafu wawili waliokuwa mapumzikoni katika kisiwa cha Amrum, Ujerumani, waliokota chupa ya Bidder. Kupitia kioo waliona maneno yanayowaamuru waivunje. Walijaribu kuitoa karatasi bila kuidhuru chupa, wakashindwa, wakatii. Wakajaza kadi yote kama ilivyotaka na kuituma Plymouth. Bidder alikuwa amefariki dunia tangu mwaka 1954, lakini chama cha baiolojia ya bahari alichokitumikia bado kipo. Maofisa wake wakatafuta shilingi ya zamani, wakainunua na kuwatumia waokotaji pamoja na barua ya shukrani. Deni lililipwa baada ya miaka 108.

Kisa kingine ni cha Scotland. Mwaka 1914 nahodha C. H. Brown wa chuo cha unahodha cha Glasgow aliachia chupa 1,890. Meli moja ya uvuvi iitwayo Copious ilinasa mojawapo karibu na visiwa vya Shetland mwaka 2006. Meli hiyo hiyo, ikiwa chini ya nahodha mwingine, ikanasa nyingine mwaka 2012, ikiwa imekaa majini karibu miaka 98. Hadi wakati huo chupa 315 za Brown zilikuwa zimepatikana, takriban moja katika kila sita.

Nani anajibu?

Ukizipanga hesabu hizi pamoja, tofauti zake zinashangaza. Mradi mmoja wa wanasayansi wa Kanada, ulioanza mwaka 2000 na kutupa chupa hasa katika maji ya kaskazini, ulikuwa umeachia chupa 6,400 kufikia mwaka 2012, na zilizoripotiwa zilikuwa 264. Hiyo ni kama nne katika kila mia.

Kanada hiyo hiyo, katika kisiwa cha Prince Edward, kuna mkazi aliyeanza kutupa chupa mwaka 1996 kwa kujifurahisha tu. Alikuwa anasubiri upepo wa magharibi, anatia barua yenye tarehe na anwani ya posta, anaomba jibu la barua badala ya simu. Kufikia mwaka 2011 alikuwa ametupa zaidi ya 4,800 na kupokea majibu zaidi ya 3,000, kutoka Ulaya hadi Afrika. Wengine walimwandikia kila mwaka, wakamtumia kadi za Krismasi na zawadi.

Kwa nini huyu apate jibu katika zaidi ya nusu, na wanasayansi wapate manne kwa mia? Sababu moja ni kwamba chupa hufika, lakini hufika pasipo na watu. Pwani ya Aktiki haina wapitaji. Ufukwe wenye kijiji, watoto na wavuvi hurudisha. Ufukwe mtupu humeza. Hesabu ya majibu hupima watu kama inavyopima maji.

Na aliyejibiwa hukumbuka maisha yake yote. Baharia mmoja wa Sweden alitupa chupa mwaka 1955 akiomba mwanamke wa kumwandikia. Ilimfikia msichana wa Sicily, Italia. Waliandikiana barua, na mwaka 1958 wakaoana.

Kusi, kaskazi na maji yetu

Mvuvi wa Kizimkazi au Shimoni hana haja ya kusoma ramani za Neumayer ili ajue kwamba maji yana njia zake. Kando ya pwani ya Tanzania na kusini mwa Kenya mkondo huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi likishika, huenda kasi. Kaskazi likivuma, hupungua nguvu.

Chukua chupa iliyotupwa Julai nje ya Unguja. Itabebwa kaskazini, ipite Mombasa, ipite Lamu, na isipokwama kwenye mwamba au mikoko itajikuta pwani ya Somalia. Itupe chupa hiyo hiyo Januari na safari itakuwa nyingine kabisa. Wakati huo mkondo wa Somalia unashuka kusini; ukikutana na ule unaopanda kutoka kwetu, yote miwili hugeuka na kuelekea mashariki, bahari kuu. Manahodha wa majahazi walipanga safari za Arabuni na Bara Hindi kwa kufuata miezi hii karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuifungia bahari fomu ndani ya chupa.

Kuna pia maji yanayoletwa kwetu. Mkondo wa ikweta wa kusini huvuka Bahari ya Hindi yote kutoka upande wa Indonesia na Australia, hupita ncha ya kaskazini ya Madagascar, kisha hugonga bara la Afrika karibu na Cabo Delgado na kugawanyika. Tawi moja hushuka mlango wa Msumbiji. Jingine hupanda kwetu.

Pemba iliushuhudia mkondo huo Juni 2016. Kipande kikubwa cha bawa la ndege kiliokotwa kisiwani, na Septemba mwaka huo wachunguzi wa Australia wakathibitisha, kwa alama na namba zilizokuwa juu yake, kwamba kilitoka kwenye ndege ya Malaysia MH370 iliyotoweka tarehe 8 Machi 2014 na watu 239. Vipande vingine vilikuwa vimeokotwa Réunion, Msumbiji, Mauritius na Afrika Kusini. Watafiti wa bahari wa Australia walitumia mahali na tarehe za vipande hivyo kurudisha hesabu nyuma, wakipima mikondo na upepo, ili kupunguza eneo la kutafuta ndege ilipoangukia.

> Familia za watu 239 zilipata habari chache za uhakika, na baadhi yake zilitoka kwa waokotaji wa fukwe zetu.

Ndege haijapatikana hadi sasa. Lakini familia zile zingekuwa na ushahidi haba zaidi kama waliookota vipande wangevitumia kuezekea banda, wakanyamaza.

Barua za dharura na barua za siasa

Chupa bado inaokoa roho za watu. Mei 2005 wahamiaji 88, wengi wao vijana kutoka Ecuador na Peru, walitelekezwa na waliowasafirisha katika mashua inayoingiza maji karibu na kisiwa cha Cocos, Costa Rica. Mashua ya uvuvi ilipopita, walifunga chupa yenye ombi la msaada kwenye mishipi yake mirefu. Wavuvi walipovuta mishipi wakaikuta, wakatoa taarifa, na watu wote 88 wakaokolewa.

Kati ya Korea mbili, chupa ni jambo la mahakama. Kwa miaka mingi watu waliokimbia Korea Kaskazini wamekuwa wakijaza chupa za plastiki za lita mbili mchele, vihifadhi data vya kompyuta na noti za dola moja, kisha kuziachia kutoka visiwa vya Ganghwa na Seokmo, magharibi mwa Seoul, maji yanapoelekea kaskazini. Wanaozituma wanasema wana ndugu wenye njaa upande wa pili. Wakazi wa mpakani wamelalamika kwamba shughuli za kutuma vitu namna hii zinawaweka wao kwenye shabaha ya bunduki. Desemba 2020 bunge la Korea Kusini lilipitisha sheria ya kuzuia kupeleka vipeperushi upande wa kaskazini. Septemba 2023 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha kwa kuwa inaminya uhuru wa kujieleza. Ubishi haujaisha, na Juni 2025 polisi waliwazuia Wamarekani sita waliokuwa na mpango wa kuachia chupa zaidi ya elfu moja.

Msimamo wangu hapa ni kwamba mtu anayejaza chupa mchele ili ndugu yake ale anastahili kusikilizwa kwanza, kabla ya kuulizwa habari za plastiki.

Wanaosema basi

Hata hivyo swali la plastiki lipo, na linauma. Aldabra ni kisiwa cha mbali cha Ushelisheli, urithi wa dunia tangu mwaka 1982, makazi ya kobe wakubwa. Hakuna mji. Hakuna soko. Mwaka 2019 wafanyakazi wa kujitolea waliokaa huko majuma matano waliondoa tani 25 za taka, zikiwamo ndala zaidi ya 50,000. Watafiti walikadiria kwamba tani 513 zilibaki.

Kwetu hali haina nafuu. Uchunguzi wa chupa za plastiki katika fukwe za Kenya ulionyesha kwamba karibu na miji taka nyingi ni zetu wenyewe, lakini kwenye fukwe za mbali na watu zilionekana nyingi zenye lebo za ng'ambo, za Indonesia zikiongoza. Ni mkondo ule ule ulioleta bawa Pemba. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walichukua tani kumi za plastiki zilizokusanywa wakaunda jahazi dogo, Flipflopi, lililofunikwa kwa vipande vya ndala. Lilishushwa majini mwaka 2018 na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja, likisimama bandari kwa bandari kuwaonyesha watu kile wanachokitupa.

Wanaopinga kutupa chupa wana hoja ambayo sioni namna ya kuizunguka. Kama zinazojibiwa ni nne kwa mia, basi tisini na sita zilizobaki ziko mahali fulani. Ya kioo hupasuka kwenye mwamba ambapo kina mama wanaookota kombe hupita bila viatu. Ya plastiki humeng'enyuka kuwa chembe ambazo samaki humeza. Kanuni za kimataifa za MARPOL zimekataza meli kutupa plastiki tangu mwisho wa mwaka 1988, na tangu mwaka 2013 zimekataza karibu kila aina ya taka, kioo kikiwamo. Nahodha wa leo akitupa chupa kama alivyotupa nahodha wa Paula, anaweza kujikuta kwenye mashtaka.

Wanaotetea husema chupa moja yenye barua haiwezi kulinganishwa na malori ya taka yanayomwagwa mitoni kila siku, na kwamba mtoto aliyejibiwa kutoka nchi nyingine anajifunza jiografia kuliko kwa kitabu. Ni kweli. Lakini siku hizi ukiingia pwani za kitalii utakuta chupa hizo zinatupwa kwenye harusi na sherehe za shule bila anwani, bila tarehe, na bila mtu yeyote anayeweka kumbukumbu ya kilichoondoka. Nahodha wa Paula aliiandika chupa yake kwenye daftari siku ile ile. Asiye na daftari anatupa taka, hata kama amezifunga utepe.

Wanasayansi wenyewe wamehama. Mikondo ya juu sasa hupimwa na vielea kama 1,250 vinavyotoa taarifa kwa setilaiti, kila kimoja kikiwa na tanga la chini ya maji linaloning'inia mita 15 ili kivutwe na maji kuliko upepo. Navyo hukwama ufukweni siku moja, na navyo vimeandikwa anwani.

Upande wa kuokota

Kwa hiyo nadhani sisi wa pwani hii tuache ndoto ya kuwa watumaji, tuchukue kazi iliyo ngumu zaidi na inayohitajika zaidi. Mkondo wa ikweta unaishia kwetu. Kila siku maji yakipwa, kuna kitu kimeletwa kutoka mbali, na anayekiona wa kwanza ni mvuvi wa pweza, mkulima wa mwani, au mtoto anayekwenda chuoni. Hakuna taasisi ya Hamburg au Canberra yenye macho mengi namna hiyo.

Vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) kwenye madiko ya Tanzania Bara na Kenya, na kamati za wavuvi za Zanzibar, vinaandika samaki wanaoshushwa. Daftari la pili halina gharama kubwa. Mistari yake ni michache: siku, mahali, kusi au kaskazi, bamvua au maji mafu, kitu chenyewe, namba au lugha iliyoandikwa juu yake, picha ya simu. Taasisi za utafiti wa bahari za Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa zipo, na zinaweza kulipokea na kuwajibu walioliandika. Jibu hilo ni la lazima. Bidder aliahidi shilingi na ikalipwa. Mvuvi atakayepeleka taarifa mara tatu bila kusikia neno hataipeleka mara ya nne.

Na ikitokea kweli chupa yenye karatasi, isivunjwe kwa pupa. Ipigwe picha kabla ya kufunguliwa. Karatasi mbichi isikunjuliwe. Iachwe kivulini ikauke polepole, na kama wino ni wa zamani ipelekwe kwa watu wa makumbusho. Yenye anwani ijibiwe, hata kama tarehe yake ni ya miaka mia iliyopita, maana ofisi nyingine zimerithiwa na bado zinasoma barua: kazi za Deutsche Seewarte zimerithiwa na wakala wa bahari wa Ujerumani, na shajara iliyohifadhiwa Ujerumani ndiyo iliyosaidia kuitambua chupa ya Paula. Ile tupu ya plastiki yenye lebo ya Kiindonesia iandikwe pia kwenye daftari, kisha itiwe guniani pamoja na nyingine.